Namba Mbili za Kugawanya

Geuza pasi ya umeme utazame kibandiko chake: volti 230, wati 1,000. Mwanafunzi wa sekondari atachukua 1,000, agawanye kwa 230, apate mkondo wa ampea 4.3 na ushei. Kisha atachukua 230, agawanye kwa mkondo huo, apate omu zipatazo 53, ambazo ndizo ukinzani wa waya unaopata moto ndani ya pasi. Hesabu hiyo haina tofauti na ya muuza nyanya anayejua bei ya fungu na idadi ya mafungu yaliyobaki mezani.

Kwa wepesi huo, mtu hudhani kanuni zenyewe ziliokotwa mchana mmoja. Wapi! Tangu mtu wa kwanza alipouona uwiano kati ya msukumo wa umeme na mkondo wake, hadi mataifa yalipokubaliana omu moja ni kiasi gani, ilipita miaka 100: kuanzia 1781 hadi 1881. Na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeshindwa kugawanya. Kilichowashinda watu ni kupata namba mbili za kuaminika za kugawanya.

Mita ya kwanza ilikuwa mkono wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa Henry Cavendish wa London. Alikuwa mjukuu wa Duke wa Devonshire, tajiri kupindukia, na mwenye haya kiasi kwamba watumishi wake wa kike aliwaagiza kwa vikaratasi ili asionane nao ana kwa ana. Betri ilikuwa haijavumbuliwa. Cavendish alitumia chupa za Leyden, yaani chupa za kioo zilizovikwa bati jembamba, ambazo huhifadhi chaji na kuiachia kwa mpigo mmoja. Alijaza maji ya chumvi katika mirija ya kioo, akaichaji chupa, kisha akaipitisha chaji kwenye mrija na kwenye mwili wake mwenyewe. Mshtuko ukiishia vidoleni, ni mdogo. Ukifika kwenye kifundo cha mkono, ni mkubwa zaidi. Ukipanda hadi kiwiko, mkubwa zaidi bado. Alibadilisha mrija mmoja kwa mwingine, akirefusha au kufupisha safu ya maji ya chumvi mpaka mishtuko miwili ikamjia sawasawa.

Kwa ala hiyo ya nyama na mifupa, Januari 1781 alifikia hitimisho kwamba msukumo unaohitajika hukua sambamba na mkondo unaopita: mkondo ukiwa mara mbili, msukumo nao mara mbili. Hiyo ndiyo kanuni tunayoiita ya Ohm, na Georg Ohm alikuwa bado hajazaliwa. Cavendish aliandika matokeo yake, akayaweka, asimwambie mtu. Alikufa 1810. Karatasi zake zilikaa mpaka James Clerk Maxwell, profesa wa fizikia wa Cambridge, alipozipitia moja moja na kuzichapisha mwaka 1879, mwaka uleule aliokufa yeye mwenyewe. Maxwell hakuamini kwa kusoma tu. Alirudia majaribio yale katika maabara yake, wageni wakialikwa kushika waya na kusema mshtuko upi umezidi, na akakuta kwamba mikono ya Cavendish ilikuwa imepima vizuri ajabu.

Wapo wanaosikitika kwamba kanuni haikupewa jina la Cavendish. Mimi sisikitiki. Hata angechapisha, mshtuko wa kiwiko chake usingeweza kuandikwa kwenye barua ukapelekwa Paris. Kiwiko cha mtu wa Paris ni kingine.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Mwaka 1800 Alessandro Volta alitangaza betri yake, na kwa mara ya kwanza umeme ukatiririka badala ya kuruka. Mwaka 1820, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted aligundua kwamba waya unaopitisha mkondo huisogeza sindano ya dira iliyo karibu nao. Sasa mkondo ungeweza kuonekana kwa macho bila mtu kujipiga shoti. Kadiri mkondo unavyozidi, ndivyo sindano inavyozidi kuvutwa.

Georg Simon Ohm alizaliwa Machi 1789 mjini Erlangen, Ujerumani ya kusini. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, lakini alijisomea hisabati mwenyewe na kuwafundisha wanawe wawili, Georg na Martin, mpaka walimu wa mji wakashangaa. Mama yao alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1805 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen, na huko akavutiwa zaidi na dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba akakasirika kwelikweli, akamwondoa baada ya mihula mitatu, na kijana akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu shuleni. Alirudi, akapata udaktari mwaka 1811, kisha akahangaika na vibarua vya ualimu visivyo na mshahara wa maana. Mwaka 1817 alipata nafasi katika shule moja mjini Cologne, iliyokuwa zamani ya Wajesuiti, ambayo ilikuwa na chumba kizuri cha vifaa vya fizikia. Usiku na siku za mapumziko alijifungia humo. Kazi ya chuma alikuwa ameiona kwa baba yake, na vifaa vyake alivitengeneza mwenyewe.

Jaribio lake la kwanza, alilolichapisha mwaka 1825, lilikosea. Alitumia betri ya kawaida ya siku zile, vipande vya metali ndani ya kimiminika chenye asidi, na betri hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja: ukizitumia, zinalegea papo hapo. Ohm alikuwa akibadilisha urefu wa waya huku msukumo wa betri nao ukibadilika chini ya mikono yake, bila yeye kujua kiasi gani ni cha waya na kiasi gani ni cha betri. Akatoa kanuni yenye logi ndani yake, ndefu na yenye sura ya kisomi, na si sahihi. Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia lililochapisha kazi hiyo, akampa ushauri ambao kwa maoni yangu ulikuwa na thamani kuliko nusu ya vitabu vya umeme vya wakati ule: achana na asidi, tumia joto. Miaka michache nyuma Thomas Seebeck alikuwa amegundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti, kisha ukaupasha moto muungano mmoja na kuupoza mwingine, mkondo hupita.

Kifaa cha 1826 kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kulikuwa na kipande cha bismuthi, metali nzito na rahisi kuvunjika, kilichofungwa ukanda wa shaba kila mwisho. Mwisho mmoja ulikaa ndani ya maji yanayochemka, mwingine ndani ya barafu. Hapo ndipo penye ujanja wote. Maji yakichemka, yanabaki kwenye joto lilelile hata uongeze kuni. Barafu ikiyeyuka, nayo haipandi wala haishuki hadi iishe. Kwa hiyo tofauti ya joto haikubadilika, na msukumo wa umeme haukubadilika asubuhi hadi jioni. Juu ya ukanda wa shaba ilining'inia sindano ya sumaku kwa uzi bapa wa dhahabu. Mkondo ukipita, sindano inasogea. Ohm anazungusha kichwa cha uzi mpaka sindano irudi mahali pake, kisha anasoma amezungusha kiasi gani. Ncha za waya unaopimwa zilichovywa katika vikombe viwili vya zebaki, ili kila waya uguse vizuri bila kukazwa na skrubu.

Alikuwa na nyaya nane za shaba za unene mmoja. Urefu wake ulikuwa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Alizichovya mmoja baada ya mwingine na kuandika. Kwa waya wa inchi 2 alipata karibu 327 kwenye kipimo chake. Kwa waya wa inchi 130, karibu 48 na nusu. Na namba zote nane zilitii hesabu moja: chukua 7,285, ugawanye kwa jumla ya 20.25 na urefu wa waya. Jaribu mwenyewe. 20.25 ukijumlisha 2 ni 22.25, na 7,285 kwa 22.25 ni 327. 20.25 ukijumlisha 130 ni 150.25, na jibu ni 48.5.

Ile 20.25 ni nini? Ni ukinzani wa kifaa chenyewe, bismuthi na kanda zake, ukielezwa kama ni inchi kadhaa za waya ule ule. Na 7,285 ni nini? Ohm aliijibu kwa kupunguza tofauti ya joto kati ya ncha mbili. Namba kubwa ikashuka, 20.25 ikabaki vilevile. Kwa hiyo kuna kitu kimoja kinachosukuma na kingine kinachozuia, kila kimoja kinajitegemea, na mkondo ni cha kwanza kugawanywa kwa cha pili. Katika maandishi ya watu waliomtangulia vitu hivyo viwili vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema betri inaishia wapi na waya unaanzia wapi.

Mwaka uliofuata, akiwa Berlin kwa likizo ya nusu mshahara, alichapisha kitabu kilichoijenga kanuni hiyo kihisabati, akifuata njia ya Mfaransa Joseph Fourier aliyeeleza namna joto linavyopita ndani ya metali. Mapokezi yalikuwa ya baridi. Mhakiki mmoja wa Berlin, Georg Friedrich Pohl, alikiponda vibaya, na katika wizara ya elimu ya Prussia hakupata mtu wa kumtetea. Ohm alijiuzulu kazi ya Cologne mwaka 1828, akaishi kwa kufundisha hapa na pale, na hadi 1833 ndipo alipopata kazi ya kudumu katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Hata hivyo, hadithi ya kwamba dunia nzima ilimkataa imetiwa chumvi. Gustav Fechner wa Leipzig aliipima kanuni yake na kuithibitisha mwaka 1831, na Emil Lenz huko St Petersburg aliitumia. Mwaka 1841 chama cha wanasayansi cha Royal Society, London, kikampa medali ya Copley. Uprofesa kamili wa chuo kikuu, mjini Munich, ulimfikia mwaka 1852. Alikufa Julai 1854.

Tatizo jingine lilikuwa zito kuliko ukali wa wahakiki: ukinzani wa Ohm ulipimwa kwa inchi za waya wake mwenyewe. Mtu wa London aliyetaka kurudia jaribio alihitaji waya ule ule, na shaba ya London haikuwa shaba ya Cologne.

Wakati huohuo swali la pili lilikuwa linasubiri. Sawa, tunajua mkondo kiasi gani unapita. Lakini unafanya kazi kiasi gani? Aliyelishika alikuwa kijana wa familia ya watengeneza bia wa Salford, kando ya Manchester. James Prescott Joule alizaliwa Desemba 1818, akafundishwa na John Dalton, bingwa wa nadharia ya atomu, na kilichomwasha hamu kilikuwa cha biashara: je, mota za umeme zingeweza kuendesha mitambo badala ya mvuke?

Mwaka 1840, akiwa na miaka 21, alizungusha waya kwenye mrija wa kioo, akauzamisha ndani ya chombo cha maji, akapitisha mkondo na kutazama kipimajoto. Ampea haikuwapo, kwa hiyo alijitungia kipimo: kiasi cha umeme kinachoweza kuyatenganisha maji ya uzito wa greni 9 (kipimo kidogo cha uzito cha Kiingereza) kwa saa moja. Akabadilisha waya, akabadilisha mkondo, akaandika. Waya wenye ukinzani mara mbili ulitoa joto mara mbili, kama mtu angetegemea. Mkondo ulipokuwa mara mbili, joto halikuwa mara mbili. Lilikuwa mara nne. Mkondo mara tatu, joto mara tisa.

Kwa hiyo joto la kila sekunde ni mkondo, ukizidishwa kwa mkondo tena, ukizidishwa kwa ukinzani. Sasa ikumbuke kanuni ya Ohm: mkondo ukizidishwa kwa ukinzani ndio volti. Ukiweka volti mahali pake, inabaki volti mara mkondo. Ndiyo hesabu ya kibandiko cha pasi, ikisomwa kutoka upande mwingine. Shuleni tulichorewa pembetatu yenye herufi tatu, tukaambiwa tufunike ile tunayoitafuta kwa kidole. Siipendi pembetatu hiyo. Inakufundisha kufunika, wala haikuonyeshi kwamba ndani ya kanuni ya nguvu kuna maji ya Joule yanayopanda joto na barafu ya Ohm inayoyeyuka.

Royal Society ilichapisha muhtasari tu wa kazi ya Joule. Makala kamili ilitoka katika jarida jingine mwaka 1841. Na ile hamu ya mota? Joule alipiga hesabu na kukuta kwamba ratili moja ya zinki iliyoliwa ndani ya betri haikufikia hata robo ya kazi ya ratili moja ya makaa ya mawe ndani ya injini bora za mvuke, ilhali zinki ilikuwa ghali mno. Wazo la mota likafia hapo kwa wakati huo, ingawa hesabu ilibaki.

Kilichoitoa hesabu vitabuni na kuiingiza kazini kilikuwa hasara ya fedha, na fedha nyingi. Agosti 1858 kebo ya kwanza ya telegrafu ilivuka Atlantiki kutoka Ireland hadi Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan wa Marekani, maneno yasiyofika 100, zilichukua saa 16 kupita. Mwenye madaraka ya umeme katika kampuni ya kebo hiyo alikuwa Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji aliyegeukia telegrafu. Aliamini kwamba ishara zikiwa dhaifu dawa yake ni kuongeza msukumo, akaipiga kebo kwa koili kubwa za volti zinazokadiriwa kufika 2,000. Kebo, ambayo tayari ilikuwa imeumizwa na uzembe wa utengenezaji na utunzaji, ikakata roho baada ya wiki chache. Watu waliokuwa wamewasha fataki mitaani kwa furaha wakabaki kutazamana.

William Thomson, profesa wa Glasgow, alikuwa ameonya. Hoja yake ilikuwa ya ukinzani: tumia waya mnene, shaba safi na mkondo mdogo, kisha uwe na chombo chepesi cha kuuona mkondo huo. Alikuwa amepima shaba kutoka viwanda mbalimbali na kukuta kwamba waya mmoja unaweza kupitisha umeme karibu mara mbili ya mwingine wa unene uleule, na wauzaji wote wanauita shaba. Kisha kebo ya Bahari ya Shamu, kutoka Suez kupitia Aden hadi Karachi, iliyotandazwa 1859 na 1860, nayo ikafa, na kwa kuwa serikali ya Uingereza ilikuwa imeidhamini, walipa kodi waliilipia pauni 36,000 kila mwaka kwa kebo isiyopitisha hata neno. Hasara kama hiyo huwafanya hata wasiopenda fizikia waiulizie.

Uchunguzi rasmi ulifanyika, na ukaonyesha aibu ya msingi: hakuna mwenye kipimo kimoja na mwenzake. Mfaransa alipima ukinzani kwa kilomita za waya wa chuma wa telegrafu wa milimita 4. Mjerumani alitumia maili ya Kijerumani ya waya wake, Mwingereza maili ya Kiingereza ya waya wa shaba. Werner Siemens alipendekeza nguzo ya zebaki ya urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba, kwa kuwa zebaki ikisafishwa ni ileile popote. Mwaka 1861 chama cha wanasayansi cha British Association kiliunda kamati ya kutafuta kipimo ambacho kingetokana na mita, gramu na sekunde, kisitegemee tabia ya metali yoyote.

Kazi yenyewe ilifanyika London mwaka 1863, Maxwell akiwa na Balfour Stewart na Fleeming Jenkin. Walizungusha koili kubwa ya waya ndani ya usumaku wa dunia. Ikizunguka, mkondo huzaliwa ndani yake, na mkondo huo huisukuma sumaku ndogo iliyoning'inizwa katikati. Ukijua kasi ya mzunguko, ukubwa wa koili na pembe ya sumaku, unapata ukinzani bila kulinganisha na waya wa mtu yeyote. Kutokana na hayo zilitengenezwa koili za aloi ya platinamu na fedha, zikasambazwa duniani. Zilikuwa na kasoro. Miaka ya 1880 Lord Rayleigh na shemeji yake Eleanor Sidgwick, mwanahisabati ambaye baadaye aliongoza chuo cha wanawake cha Newnham, walirudia kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa na kukuta kipimo cha zamani kimepungua kwa zaidi ya asilimia moja. Katikati ya hapo, mwaka 1876, maabara ya Maxwell ililazimika kuipima upya kanuni ya Ohm yenyewe, maana mtu alikuwa ametia shaka kama ni kweli kabisa. George Chrystal alijitahidi kuikuta na ufa. Hakuupata.

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa Paris uliyapitisha majina: omu, volti, ampea.

Pwani yetu iliingia katika habari hii miaka miwili kabla. Januari 1879 jeshi la Uingereza lilipigwa na Wazulu huko Isandlwana, na taarifa ilichukua siku 20 kufika London. Serikali ikafungua mkoba haraka, na kufikia mwisho wa mwaka huo kebo ilikuwa imetandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, Msumbiji na Durban, wakati Sultan Barghash akitawala. Kwa fundi wa kebo, kanuni ya Ohm ilikuwa jicho la kuona chini ya bahari. Tuseme kebo imekatika. Waya wake una ukinzani wa omu 10 kwa kila maili ya bahari. Fundi anakaa ndani ya chumba chake kisiwani, anaweka betri anayoijua, anapima mkondo, anagawanya, anapata omu 1,500. Maji ya chumvi yanarudisha mkondo kwa njia ya ardhi, kwa hiyo waya ulio hai una maili 150. Anaiambia meli ya matengenezo iende huko na kutupa ndoano. Kwa kweli haikuwa rahisi kiasi hicho, kwani ncha iliyokatika, ikiwa ndani ya maji ya chumvi, hujifanya betri ndogo na kuongeza ukinzani wake wenyewe, wenye kubadilika kila dakika. Mafundi walipima kutoka pande zote mbili, wakageuza betri, wakalinganisha. Lakini meli zilikwenda, na ndoano zikaibuka na kebo.

Nchi kavu, aliyeifanyia biashara hesabu ya Joule ni Thomas Edison. Mwaka 1878 wataalamu wengi walisema umeme hauwezi kugawanywa katika taa ndogondogo za nyumbani bila kutumia shaba isiyonunulika. Edison alimwajiri Francis Upton, kijana aliyesoma hisabati Princeton na Berlin, na katika maabara ya Edison huko Menlo Park wakaligeuza tatizo. Chukua taa ya wati 100. Ukiitengeneza yenye ukinzani wa omu 1, itataka volti 10 na ampea 10. Ukiitengeneza kwa volti 110, itataka ampea 0.91 tu, na ukinzani wake utakuwa omu 121. Joto linalopotea kwenye nyaya za barabarani hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe; kwa nyaya zilezile, taa ya pili inapoteza sehemu moja tu kati ya 121 ya kile kinachopotezwa na ya kwanza. Ndiyo maana Edison aliutafuta uzi mwembamba mno wa kaboni, wakati wenzake walihangaika na vijiti vinene. Hataza yake ya Januari 1880 inasisitiza ukinzani huo mkubwa.

Agosti 1882 William Siemens, ndugu yake Werner, alisimama mbele ya British Association mjini Southampton na kupendekeza kwamba volti moja mara ampea moja iitwe wati, kwa heshima ya James Watt wa injini za mvuke. Siku chache baadaye, tarehe 4 Septemba, mtambo wa Edison wa mtaa wa Pearl, New York, ukawashwa. Umeme ukawa bidhaa, na bidhaa inahitaji mizani.

Mizani ya Edison ilikuwa mizani kweli. Katika nyumba ya mteja kilifungwa chombo chenye mabamba ya zinki ndani ya maji ya chumvi ya zinki. Sehemu ndogo inayojulikana ya mkondo, iliyochepushwa kwa waya wa ukinzani uliopimwa, ilipita humo na kuihamisha zinki kutoka bamba moja hadi jingine. Kila mwezi mtu wa kampuni alikuja, akachukua mabamba, akayapeleka kupimwa uzito. Uzito uliohama ulieleza mkondo na saa zake. Volti zilichukuliwa kuwa 110 wakati wote. Wakati wa baridi kali taa ndogo iliwaka ndani ya kisanduku ili maji yasigande.

Mwenye benki J. P. Morgan, ambaye ofisi yake ya Wall Street ilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza, hakuyaamini mabamba hayo. Edison mwenyewe alisimulia kwamba Morgan aliamuru kadi itundikwe kwenye kila taa, na kila anayewasha au kuzima aandike saa. Mwisho wa mwezi wakajumlisha saa, wakazidisha, wakalinganisha na bili. Bili ilizidi mno. Morgan akafurahi kuona amewakamata. Edison akaomba mwezi mwingine, na matokeo yakawa yaleyale, mpaka alipokwenda mwenyewe kukagua nyaya na kuuliza nani huingia ofisini usiku. Kumbe mtu wa usafi alikuwa akiwasha taa kila jioni ili apate kufagia, na hakuna aliyemwambia habari za kadi. Mwezi uliofuata saa zake nazo ziliandikwa, na zinki na kadi zikatoa jumla zilizokaribiana sana.